Silinda Nane Nyuma ya Lori la Kokoto

Gari la zamani la Volkmar Dreesbach lilikufa kifo cha aibu. Halikugongwa wala halikuwaka moto. Mkaguzi wa magari alilipandisha juu, akachomeka bisibisi chini ya mlango wa dereva, na bisibisi ikazama kwenye kutu hadi mpini kama inaingia kwenye keki. Alimtazama Volkmar jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuja, akaichomoa bisibisi yake na kuipangusa kwa kitambaa.

Lilikuwa gari la dizeli, refu, la rangi ya majivu, na kwa karibu miaka ishirini lilimbeba kutoka kijijini kwao Niederhelbach, kwenye vilima vya Sauerland, hadi mjini Hagen alikokuwa na duka lake. Volkmar alikuwa fundi wa visaidizi vya kusikia. Wazee waliowachosha wake zao kwa "unasemaje?" walikuja dukani kwake wamenuna, na wiki moja baadaye walirudi kulalamika kwamba jokofu la nyumbani lina kelele. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na saba, mtu mrefu, mabega yameanza kuinama. Masikio yake mwenyewe yalikuwa makali mno kwa raha yake. Akiwa mkahawani alisikia kijiko kikigonga kikombe meza ya tatu, na akishakisikia basi, mazungumzo ya mezani kwake yalikuwa yamekwisha.

Walikubaliana na mkewe, Mechthild, kwamba gari jipya litakuwa la kawaida tu. Lisinywe mafuta, liwe na buti la kuingia mifuko ya mboji ya bustani, na viti viwe vya juu kwa ajili ya magoti. Mechthild alishaliona moja, jeupe, la mwalimu mstaafu wa kijiji cha pili. Volkmar akasema atakwenda kulitazama Jumamosi. Jumamosi ilipofika akaenda Ratingen, upande mwingine kabisa, na jioni akarudi na sedani ya kijani kibichi, viti vya ngozi vya rangi ya chai ya maziwa, na chini ya boneti injini ya silinda nane yenye nguvu za farasi zaidi ya mia nne.

Aliinunua kwa daktari wa meno mstaafu aitwaye Overhoff, aliyeitunza kama mboni ya jicho. Bei yake ilikuwa bei ya kigari kipya kidogo cha mjini, na hapo ndipo Volkmar alipoponzeka. Alikuwa amesimama uani kwa daktari, mikono mfukoni, akijiambia kwamba kwa pesa zilezile anaweza kupata kigari kile au gari hili.

"Watu wanadhani hili ni gari la Jumapili," Daktari Overhoff alimwambia. "Mimi nimeendea kazini nalo kila siku. Linachotaka ni barabara tu. Unayo barabara?"

Barabara alikuwa nayo. Kutoka Niederhelbach hadi Hagen ilikuwa barabara ya kasi karibu safari nzima, inapita juu ya mabonde kwa madaraja marefu, na kuna vipande mtu anaruhusiwa kwenda kadiri moyo na injini vinavyomtuma. Miaka yote ile Volkmar aliipita na dizeli yake upande wa kulia, kwenye moshi wa malori, huku wenzake wakimpita kushoto kama nyigu.

Mechthild alitoka nje na taulo la vyombo begani. Akalizunguka gari mara moja, polepole.

"Hili ndilo lile jeupe?"

"Lina milango minne," Volkmar akasema. "Lina buti. Hili ni gari la familia, Mechthild."

"Familia ipi? Tuko wawili na paka."

"Na breki zake sijaona mfano. Hata kwenye mvua—"

"Hayo mabomba ya moshi nyuma ni mangapi?"

"Manne."

Mechthild akayatazama moja moja. "Sawa," akasema. "Mtoto akililia wembe mpe. Ila mboji utaibeba mwenyewe mgongoni." Akarudi jikoni.

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijatokeza, Volkmar aliwasha injini. Haikuwaka, ilinguruma. Ilinguruma ukutani mwa gereji, ikanguruma kwenye madirisha ya jirani, ikashuka bondeni na kurudi. Alipolitoa gari nje alimkuta jirani yake, Mzee Ewald Rüther, amesimama kwenye ua na joho la kulalia, kikombe cha kahawa mkononi. Mzee Rüther alikuwa amepita miaka themanini, na Volkmar mwenyewe ndiye aliyempima na kumvisha visaidizi vilivyokuwa masikioni mwake.

"Dreesbach," akasema mzee, "nilidhani bomba la gesi limepasuka."

"Injini ikiwa baridi ndivyo inavyokuwa, Mzee Rüther. Ikipata joto inatulia."

"Ikipata joto wewe uko Hagen. Mimi ndiye nabaki hapa na baridi yake."

"Si unaweza kuvivua asubuhi, hivyo vya masikioni? Kidogo tu, mpaka nitoke."

"Nivivue? Si wewe ulinikalisha kitini ukanisomesha, ubongo unataka mazoezi, Ewald, ukiamka tu uvivae? Basi nimeamka, nimevivaa. Nafanya mazoezi."

Lakini haki isemwe, wiki mbili za mwanzo zilikuwa tamu. Volkmar alitoka nyumbani mapema kuliko ilivyohitajika. Kwenye mlima mrefu baada ya daraja, pale dizeli ilipokuwa ikilia kama mbuzi, alikanyaga mafuta kidogo tu na malori yakabaki nyuma kana kwamba yameegeshwa. Dukani aliingia na uso uliochangamka mpaka wateja wakadhani ameacha sigara, ingawa hakuwahi kuvuta.

Wiki ya tatu, wakiwa kwenye kifungua kinywa, redio ikatangaza kwamba wahandisi wamekagua daraja refu la bondeni na kukuta vyuma vyake vimepinda. Daraja limefungwa kuanzia sasa, pande zote mbili, kwa muda usiojulikana.

Volkmar akaweka kisu cha siagi chini. "Daraja lipi?" akauliza, ingawa alisikia vizuri.

"Lako," Mechthild akasema.

Kuanzia siku hiyo kila kilichokuwa kikipita juu kilishushwa chini. Malori yote yaendayo kaskazini, ya vyuma, ya maziwa, ya samani, ya nguruwe, yaliteremshwa kwenye barabara nyembamba ya bondeni, inayopita katikati ya vijiji, mbele ya shule, kwenye kona ambayo malori mawili hayapishani bila dereva mmoja kumwomba mwenzake radhi. Watu wa kule chini walitundika mashuka madirishani yenye maneno makali ya rangi nyekundu. Na katikati ya msururu huo, nyuma ya lori la kokoto, kila asubuhi alikuwemo Volkmar Dreesbach na silinda zake nane.

Penye miti hapana wajenzi. Mtu aliyeishi miaka ishirini na barabara bila gari, sasa alikuwa na gari bila barabara. Gia zilizotengenezwa ili kumbamiza mtu mgongo kitini sasa zilikuwa zinapanda ya kwanza, zinashuka, zinapanda, kwa mikurupuko midogomidogo kama mtu mwenye kwikwi. Kokoto zilidondoka kutoka lorini na kugonga boneti. Kwenye matuta mbele ya shule, gari la zamani lilipita bila kujua kwamba ni matuta. Hili lilikuwa chini kiasi kwamba tumbo lake lilikwaruza kila tuta, na mama wa kuvusha watoto alikunja uso kwa huruma kila mara. Kioo kidogo kwenye dashibodi kilimwonyesha mafuta linayokunywa gari hilo likiwa limesimama. Baada ya siku chache Volkmar alibandika plasta juu yake, ile ya kufungia kidonda.

Hagen nako hakukuwa na nafuu. Maegesho ya chini ya duka lake yalichorwa enzi za magari membamba, na ili aweze kutoka ilimbidi aruke juu ya gia atokee mlango wa abiria, makalio kwanza, na koti lake la kazi likinasa kila siku mahali palepale. Kwenye taa za barabarani, kijana mmoja mwenye kofia aliyeendesha kigari chenye vioo vya giza alimpungia mkono ashushe dirisha.

"Mzee, tupimane mbio hapa mpaka kituo cha mafuta?"

"Nimechoka, kijana."

"Sasa si uniuzie mimi? Huo ni uchoyo."

Volkmar akapandisha kioo. Taa ikawaka kijani, kijana akaruka, Volkmar akaondoka taratibu, na wote wawili wakakutana tena nyuma ya basi moja.

Hayo yote angeyavumilia. Kisichovumilika kilikuja na baridi ya Novemba. Tik. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, kama ukucha unaogonga bilauri, unatoka mahali fulani nyuma, upande wa kulia. Kwenye mwendo wa kasi ungesikika kwa shida. Lakini kwenye foleni, injini imetulia na redio imezimwa, kila tairi lilipopita kwenye kiraka cha lami, tik. Volkmar alitoa kila kitu kwenye buti. Tik. Akaondoa mkeka wa sakafu, akatoa tairi la akiba na jeki. Tik. Akafunga mikanda ya kiti cha nyuma kwa kamba. Tik, tik.

Kwenye gereji kubwa yenye sakafu nyeupe na kahawa ya bure, kijana nadhifu alichomeka kompyuta chini ya usukani na kuitazama kwa utulivu.

"Halina hitilafu yoyote, bwana."

"Naisikia kwa masikio yangu."

"Kompyuta ingeandika."

"Kompyuta yako haina masikio," Volkmar akasema, akatoka bila kumaliza kahawa.

Akaenda kwa Ioannis Tsakalidis, fundi Mgiriki aliyekuwa na gereji yake karibu na reli, mtu mfupi mwenye mgongo mpana. Ioannis aliendesha, Volkmar akakaa nyuma na kuinamisha kichwa sehemu mbalimbali kama kuku anayetafuta punje.

"Hapo. Umesikia?"

"Sijasikia, bosi."

"Hapo tena."

"Bosi, mimi nimepiga nyundo tangu nina miaka kumi na tano. Kengele za kanisa nazisikia kwa shida." Ioannis akasimamisha gari. "Nikwambie ukweli. Njia ni moja. Mtu alale kwenye buti, mwingine aendeshe. Mimi siingii huko, mgongo wangu haukunjiki, na vijana wangu siwaingizi, bima itanimaliza. Wewe ndiye mwenye masikio. Tafuta dereva."

Dereva wa kutafuta alikuwa mmoja tu, na hapo palikuwa na jambo. Mechthild alikuwa na leseni, lakini kwa miaka mingi leseni hiyo ililala kwenye droo ya kabati pamoja na mishumaa. Majira fulani ya baridi, kwenye barabara ya kasi, gari lilimtelezea kwenye barafu, likazunguka, likasimama likitazama lilikotoka, na lori likapita ubavuni mwake kwa upana wa kiganja. Hakuumia hata kidole. Tangu hapo aliendesha mpaka dukani kwa mwoka mikate na kurudi, basi. Volkmar alimpeleka kwaya kila Alhamisi na Bremen kwa dada yake mara mbili kwa mwaka, na kila safari alinung'unika mpaka wote wawili wakaona manung'uniko hayo ni sehemu ya gari, kama honi.

"Mpaka kiwanda cha mbao tu," akamwambia. "Unageuza, tunarudi. Jumapili malori hayaruhusiwi, barabara ni tupu."

Mechthild alikuwa anamenya viazi. "Nikiendesha, mlio huu nitausikia tena humu ndani?"

"Wewe huusikii."

"Nausikia kinywani mwako, Volkmar. Asubuhi na jioni. Juzi umeusema usingizini."

"Tukiupata utakwisha."

Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Baada ya misa," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumapili, baada ya misa, Volkmar Dreesbach alilala ubavu ndani ya buti la gari lake mwenyewe, juu ya blanketi, tochi mkononi, na masikioni kipimo kama kile cha daktari cha kusikilizia moyo. Mechthild akafunga buti taratibu, kama anayefunga jeneza la mtu anayemheshimu. Gari likaondoka. Volkmar akaweka kipimo kulia, akaweka kushoto, akaweka chini. Hakusikia chochote. Walipita viraka vyote alivyovijua kwa majina. Kimya.

Halafu akahisi gari linavuta pumzi. Akateleza taratibu kuelekea taa za nyuma na kubaki hapo amebanwa. Akapapasa simu.

"Mechthild, kiwanda cha mbao tumeshakipita."

"Najua."

"Geuza basi."

"Ngoja kidogo." Sauti yake ilikuwa ya ajabu, nyembamba na tulivu. Kisha akasema, "Ah. Nyuma yangu kuna polisi."

Gari likasimama. Volkmar akasikia mlango, akasikia viatu kwenye kokoto, akasikia kila kitu kwa sababu kipimo kilikuwa bado masikioni. Alikuwa ofisa wa kike, Imke Lohoff, wa kituo cha bondeni.

"Habari ya asubuhi, mama. Unajua nimekusimamishia nini?"

"Mwendo," Mechthild akasema.

"Mwendo. Hapa ni sabini."

"Nilikuwa na ngapi?"

"Tisini na moja."

"Tisini na moja," Mechthild akarudia, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa uzito wa mjukuu wake mpya. Akaanza kutafuta leseni kwenye mkoba.

Vumbi la blanketi likamwingia Volkmar puani. Alijibana, akashindwa, akapiga chafya.

"Mama," akasema ofisa Lohoff, "kwenye buti kuna nini?"

"Mume wangu."

"Mzima?"

"Mzima. Anasikiliza."

Buti likafunguliwa, mwanga ukaingia, na uso wa ofisa ukamtazama Volkmar kutoka juu kwa muda mrefu, tochi yake, kipimo chake, soksi zake.

"Bwana, umeingia humu kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Kufanya nini?"

"Kuna mlio nautafuta. Tik, hivi. Nyuma kulia."

"Umeupata?"

"Nikiwa ndani haulii," Volkmar akasema, na sauti yake ikapanda kwa hasira.

Ofisa Lohoff akasugua paji la uso. "Sikilizeni. Binadamu habebwi kwenye buti, awe anasikiliza, awe anaimba. Faini ya hilo ni moja, faini ya mwendo ni nyingine. Sasa shuka, bwana, ukakae mbele kama watu. Na mama, kwenye kona ile ya kanisa huwa kuna barafu, taratibu." Kisha alipokuwa anarudi kwenye gari lake akageuka. "Linakwenda vizuri, eh?"

"Vizuri sana," Mechthild akasema.

Ioannis alipopewa habari alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Basi jibu umeshalipata, bosi. Ukiwa ndani kwa uzito wako halilii. Weka gunia la mchanga mahali ulipolala, mwisho wa maneno. Nikilifumua lote nyuma nitafute kiskrubu, utauza na nyumba kunilipa."

"Ioannis, wahandisi wamehangaika kupunguza kila gramu ya gari hili. Nitie gunia la mchanga?"

"Hangaika na tik, au tia mchanga."

Akatia mchanga. Mlio ukakoma. Na Volkmar, badala ya kufurahi, kila alipofungua buti na kuliona lile gunia la kahawia limelala juu ya zulia safi la Daktari Overhoff, alihisi ametukanwa.

Foleni haikukoma. Siku moja ya Februari alifika dukani saa nzima baada ya muda wa kufungua, akamkuta mama mmoja mzee amesimama mlangoni kwenye mvua ya barafu, kisaidizi chake kimoja kiganjani. Hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba amezoea kusubiri. Volkmar alimkalisha, akamtengenezea chai, na jioni ile, njia nzima, hakulilaani hata lori la kokoto. Kesho yake aliliacha gari gerejini, akateremka kwa miguu hadi stesheni ya bondeni, akapanda treni ya Hagen. Hakuwahi kuwaza treni. Siku ya kwanza ilifika kwa wakati. Siku ya pili ilifutwa. Siku ya tatu ilikuja na behewa moja badala ya matatu, akasimama njia nzima uso wake ukiwa kwenye begi la mwanafunzi. Hata hivyo alifika kabla ya wateja. Alirudi nyumbani akiilaani treni kwa bidii ileile aliyotumia kulilaani lori, na asubuhi akaipanda tena.

Basi gari likabaki nyumbani, na gari linalobaki nyumbani hupata mtu. Mechthild alianza na mwoka mikate, ila sasa alikwenda kwa mwoka wa kijiji cha tatu, akidai wa karibu amepunguza chumvi. Alhamisi akajipeleka kwaya. Kisha akaanza kuwachukua na akina mama wenzake wa sauti ya pili, ambao walishuka nywele zimesimama na kuomba Alhamisi ijayo wakae mbele. Mzee Rüther alimwambia Volkmar uani kwamba mama anawasha gari kistaarabu zaidi.

"Ni injini ileile, Mzee Rüther."

"Yeye anawasha saa nne. Saa nne mimi nimeshaamka kwa hiari yangu."

Mwezi Aprili ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Hiltrud, dada yake Mechthild, kule Bremen. Jumapili asubuhi Volkmar alitoka na funguo na chupa ya kahawa, akamkuta mkewe ameshakaa upande wa usukani, mkanda umefungwa, kiti kimevutwa mbele, miwani ya jua puani.

"Ni mbali, Mechthild. Ni barabara ya kasi."

"Najua Bremen iko wapi. Panda."

Akapanda. Bondeni hakukuwa na lori hata moja. Walipita chini ya daraja lililofungwa, nguzo zake zimesimama juu ya paa za nyumba kama miguu ya meza isiyokaliwa na mtu. Litalipuliwa, walisema, na jipya litajengwa. Volkmar alipiga hesabu ya miaka na kukuta atakuwa amestaafu. Baada ya Hagen barabara ikafunguka, kavu, njia tatu, na ile alama ya duara jeupe lenye mistari ya mshazari, inayomaliza vikomo vyote. Mechthild alitazama vioo vyote vitatu. Akashika usukani vizuri. Akakanyaga.

Volkmar aliona mshale wa mwendo ukipita mia na sitini, ukipita mia na themanini. Miti ikawa ukuta.

"Na gunia liko wapi?" akauliza ghafla, kwa sababu alikuwa amesikia.

"Nimelitoa. Njia ya Mzee Rüther ilikuwa na barafu wiki ya Pasaka, nikaumwaga mchanga hapo."

"Huusikii? Tik. Huo hapo."

"Sisikii kitu."

Mia mbili na kumi. Mguu wa kulia wa Volkmar ulikuwa umekaza sakafuni.

"Unakanyaga nini huko?" Mechthild akauliza bila kumtazama.

"Breki."

"Upande huo hakuna."

Baada ya muda alipunguza kidogo, akaacha gari jingine limpite, na kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia hali ya hewa, akasema, "Unajua, hili halitelezi. Linashika. Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye sijui kuendesha."

Volkmar akafungua chupa ya kahawa, akaifunga. Majira yale ya baridi gari lilipomtelezea mkewe, yeye ndiye aliyekuwa amesema zile tairi kuukuu bado zinafaa, zitafika mpaka Machi. Alikumbuka vizuri tu. Alitazama mashamba ya Münster yakipita, akaona radhi aliyopaswa kuiomba imechelewa kwa miaka mingi.

"Ukipita hapo kwenye ujenzi ni themanini," akasema hatimaye.

"Nimeona."

Kwa Hiltrud walikula keki ya krimu na kunywa kahawa nzito. Hiltrud aliuliza nani kaendesha, Mechthild akasema mimi, na Hiltrud akamtazama dada yake, kisha akaondoka kwenda kukata keki nyingine ingawa ya kwanza ilikuwa haijakwisha. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Nitabaki mpaka Alhamisi," Mechthild akamwambia mumewe. "Wewe kesho una wateja. Treni ipo saa nane."

"Na gari?"

"Gari linabaki na mimi."

Treni ya saa nane ilitoka saa nane na nusu. Mjini Osnabrück akateremshwa kubadilisha, na ile ya kumpeleka mbele ilikuwa imeshaondoka. Ubaoni iliyofuata iliandikwa imechelewa, kisha imechelewa zaidi, kisha ubao wenyewe ukazima. Volkmar alinunua soseji kwenye kibanda, akapewa mkate mgumu na haradali isiyo kali, akala amesimama kwenye upepo, kola imepandishwa. Simu ikatikisika mfukoni. Ilikuwa picha ya Hiltrud, mwanamke wa miaka sitini na mbili, kwenye kiti cha abiria cha ngozi, kinywa wazi, mikono yote miwili imeng'ang'ania mpini wa juu ya mlango. Chini yake Mechthild aliandika kwamba wanakwenda kutazama bahari, watarudi chakula cha jioni.

Volkmar alifuta haradali kidoleni. Akamwandikia kwamba tairi za mbele zipimwe upepo kabla ya Alhamisi, hasa ya kushoto. Kisha akarudisha simu mfukoni na kumwuliza mfanyakazi wa stesheni kwa mara ya pili, bila adabu nyingi, kama kuna mtu yeyote hapa anayejua treni ya Hagen iko wapi.